Ngazi ya Marehemu

Kwenye mjengo wa Kanta, nyuma ya soko la Malindi, hapakuwa na kibarua aliyetumwa huku na huko kuliko ngazi. Ngazi yenyewe ilikuwa moja tu, boriti mbili za mkoko zilizopigiliwa mbao za kukanyagia, na kila mtu aliidai. Asubuhi ilimshusha Tsuma, mchimbaji, shimoni. Kabla Tsuma hajalikamata sururu vizuri, waashi walikwisha ichomoa wakapandie ukutani. Waashi wakiiteremsha, fundi bomba aliibeba. Fundi bomba akimaliza, muuza vitambaa wa upande wa pili wa njia alituma mtu aiombe mara moja tu, akazibue mfereji wa paa lake, nayo ikenda. Hakuna aliyemwuliza mtu aliye chini. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: mtu wa shimoni yuko kazini, na aliye kazini hatoki, sasa ngazi ya nini?

Hesabu hiyo Zipporah aliijua kwa moyo, na aliichukia kwa moyo huo huo. Yeye ndiye aliyesimama juu ya lile shimo tangu asubuhi hadi jioni, akivuta kwa kamba makarai ya udongo ambayo mumewe, Tsuma, aliyajaza huko chini. Wawili hao walitoka Ganda kila siku alfajiri, wakimwacha binti yao, Hope, nyumbani, na kila siku Zipporah alihakikisha anapewa kamba ya shimo lile lile analochimba Tsuma. Wenzake walidhani ni wivu wa ndoa. Walimtania kwamba huko chini hakuna mwanamke mwingine ila funza.

Shimo lilikuwa la tangi la maji. Mji wetu maji yake huja yanapotaka, na kila mwenye uwezo anachimba chini ya nyumba yake ayaweke akiba. Kina chake kilikwisha kuwa cha mtu na mwenzake aliyempanda mabegani. Tsuma alilichimba vizuri, kuta zimenyooka kama zimepigwa randa, na hapo ndipo Zipporah alipokuwa na neno. Ukuta ulionyooka hupendeza machoni, lakini udongo wa pale ni mchanga mwekundu, na mchanga mwekundu hauna urafiki na mtu.

Tsuma alikuwa mtoto wa Matsangoni. Baba yake alichimba mashimo ya vyoo na visima kwenye mwamba wa matumbawe, na mtu wa mwamba hashuki kwa ngazi. Hutoboa vidato ukutani kwa sururu, kimoja cha mguu wa kulia, kimoja cha kushoto, akapanda na kushuka navyo kama kima. Mwambani vidato hivyo hukaa hata wajukuu wavikanyage. Tsuma alihama na ufundi huo wa baba yake akaja nao kwenye mchanga. Waashi walipoichukua ngazi hakulalamika hata siku moja, maana alikwisha jitobolea vidato vyake, na ngazi, alisema, ni ya wapaka rangi na wanaokwenda kuangua maembe ya watu. Zipporah alikuwa akiviangalia vidato hivyo kutoka juu. Kila mumewe alipokanyaga, kila kimoja kilimwaga mchanga kidogo, kama kinywa cha mtu anayekula huku anaongea.

Hayo yangekuwa ya kuvumilika kama si utani.

Ukoo wa Tsuma na ukoo wa Kazungu, aliyekuwa mkubwa wa waashi pale, ni watani tangu mababu. Asiyejua utani wa kwetu na aelewe hivi: mtani wako anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, akala sima yako, akauficha ufunguo wa baiskeli yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na aliyeshindwa hulipa jogoo. Hata ukifa, mtani huja matangani akakusema mbele ya maiti yako mpaka wenye kulia wacheke. Ni jambo zuri. Limewapitisha watu wetu katika njaa na misiba. Lakini mjengoni lilipata pembe. Kazungu alikuwa na mzaha wake: mtani akiwa chini, yeye huichomoa ngazi, huiweka begani, huchungulia shimoni na kumwambia Tsuma aombe kwa adabu, aamkie shikamoo, aahidi jogoo, ataje jina la mwanamke aliyemkataa ujanani. Tsuma naye hujibu kwa matusi matamu, hupanda kwa vidato vyake mbio mbio kumwonyesha kwamba hamhitaji, na mjengo mzima hucheka mpaka msimamizi, Ndirangu, huacha simu yake acheke nao.

Zipporah hakucheka. Alikuwa na kaka yake, Kombe.

Kombe aliingia shimoni Matsangoni, mwaka ule barabara ya Kilifi ilipokuwa ikizibwazibwa viraka, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengwa mbali kidogo na lami, pale mwamba unapoisha na mchanga kuanza. Shimo la choo. Mtani wake akaiondoa ngazi kwa mzaha huo huo, akaizungusha nyuma ya nyumba, akakaa akinywa chai. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wote uliochimbwa ulikuwa umelundikwa ukingoni kabisa, maana kuupeleka mbali ni kazi na kazi ni wakati wa tajiri. Ukingo ukakatika. Kombe alifukiwa hadi kiunoni, na waliomchimba walimchimba kwa mikono, na wa kwanza kushuka kumfikia alilazimika kungoja mtu akimbie kuileta ngazi. Hakufa. Nyonga yake ya kushoto ndiyo iliyokufa. Mtani yule si mtu mbaya. Hadi leo kila Pasaka humpelekea Kombe kuku, na Kombe humpokea kuku wake vizuri. Nyonga haijapokea kitu.

Zipporah anayakumbuka yote. Anamkumbuka mkandarasi, shati lake la maua, gari lake jeupe lenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Anakumbuka alivyosema kwamba kijana ameporomokewa na udongo. Ndivyo wasemavyo siku zote, na ndivyo inavyoandikwa: ameporomokewa na udongo, kana kwamba udongo ndio uliomwajiri, udongo ndio ulioichukua ngazi, udongo ndio uliojilundika wenyewe ukingoni. Nyumba ile ilipakwa chokaa, ikafunguliwa, ikapata wageni. Mkandarasi akapata kazi nyingine Watamu. Kombe anauza vocha za simu kando ya barabara, amekaa kwenye kiti alichotengenezewa mto upande mmoja.

Basi mvua za vuli zilipoamua kuanza, zikamwagika usiku kucha juu ya Malindi, Zipporah aliamka akiwa amekwisha amua. Njiani alimwambia Tsuma asishuke siku hiyo. Tsuma akacheka, akamwuliza tangu lini mchimbaji akaogopa maji, na kama ni hivyo basi na mvuvi auze samaki wa kopo. Walipofika, Zipporah alimfuata Ndirangu kabla hajanywa chai, akamwomba mambo mawili: udongo uliolundikwa usogezwe mbali na ukingo, na shimo lipewe ngazi yake lenyewe, isiyoondoka. Ndirangu hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa kuogopa simu ya bosi wake kuliko alivyoogopa dhambi. Alimjibu kwamba ngazi iko, haijapotea, na mbao zilizobaki ni za zege la siku ile, na udongo utasogezwa wiki ijayo lori likipatikana. Kisha akamwambia kwa upole kwamba Tsuma mwenyewe hajawahi kulalamika.

Hilo ndilo lililomchoma. Lilikuwa kweli.

Tsuma akashuka. Alishuka kwa ngazi kwa kuwa vidato vilikuwa vimelowa, na huko chini maji yalimfika vifundoni. Zipporah alilivuta karai la kwanza; lilikuwa zito, mchanga umenyonya maji kama mkate kwenye chai. Alikuwa hajalimwaga alipomwona Kazungu akija, anatembea kwa madaha, kofia imeinama upande, na waashi wawili nyuma yake wameshaanza kutabasamu. Kazungu akaikamata ngazi, akaichomoa, akaiweka begani.

Akachungulia. Akamwambia Tsuma kwamba leo hatoki mpaka aimbe.

Watu wakacheka. Tsuma alijibu kutoka chini kwamba sauti yake ni ghali, ukoo wa Kazungu hauwezi kuilipia, akaugeukia ukuta wenye vidato. Zipporah alikiona kidato cha chini kabisa. Hakikuwa kidato tena, kilikuwa doa la tope.

Alijua akipiga kelele amekwisha. Mke wa mtani aliyekasirika angempa mumewe aibu ya mwaka mzima. Jogoo angelipwa, ngazi ingerudi siku hiyo, na kesho yake ingechukuliwa tena kwa mzaha mkubwa zaidi, sasa kwa kuwa umeonekana unauma. Hasira haikuwa na nafasi pale. Lakini yeye naye kwa ndoa yake alikuwa mtani wa Kazungu, na utani una haki zake kwa pande zote mbili. Aliweka kamba chini. Akamwambia Tsuma kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuagiza chumvi, asikanyage ukuta hata kidogo, asimame katikati. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa kutoka ukingoni, akaifunga leso yake kiunoni vile wanawake wanavyojifunga msibani, akakaa chini kwenye matope, miguu mbele, akaweka mikono kichwani.

Akamlilia mumewe.

Hakulia kwa kuigiza vibaya. Alilia kama alivyomlilia baba yake, kwa ile sauti inayoanzia tumboni na kupanda polepole, na jina la Tsuma likiwa mwisho wa kila pumzi. Waashi juu ya ukuta waliacha mwiko hewani. Msokota nondo aliivua kofia kabla hajajua anafanya nini. Kule njiani, mtu wa tuktuk alizima injini.

"Mama Hope," Tsuma aliita kutoka chini, "mimi niko hai."

"Maiti haijibu," Zipporah akasema, akaendelea kulia.

Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Zipporah akamgeukia Kazungu, ambaye bado alikuwa na ngazi begani kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine, akamsemesha kwa lugha ya matangani, lugha ambayo mtani hana njia ya kuikataa.

"Njoo, mtani, njoo useme maneno yako. Wewe ndiwe mgeni mkubwa hapa. Shimo liko tayari, na kwa bahati marehemu kalichimba mwenyewe, hamna gharama. Sema alivyokuwa mchoyo, sema alivyokimbia deni la pombe, wacheke. Kisha watu wa kwao Matsangoni watakuuliza kaburini, mtani wako alikufa na nini? Utawajibu udongo? Au utawaonyesha hiyo uliyoibeba?"

Kazungu alifungua kinywa. Alikuwa mtu wa maneno, hajawahi kukosa jibu katika maisha yake, na sasa majibu yake yote yalikuwa ya kuchekesha na hakuna hata moja lililotoka. Aliliangalia lundo la udongo, zito, limelowa, liko karibu na ukingo kama mlevi karibu na mtaro. Aliangalia ngazi begani mwake. Ni mtu aliyeijua habari ya Kombe. Nani asiyeijua kutoka Kilifi hadi Malindi? Ila alikuwa ameisikia siku zote kama habari ya mtani mwingine.

Akaishusha ngazi taratibu, akaikita shimoni, akaishikilia kwa mikono miwili. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwashi aliyekuwa amewahi kuisikia, "Panda, ndugu yangu."

Tsuma akapanda. Hakuporomokewa na kitu. Ukuta haukuanguka siku ile, wala mchana wake, na hilo lisemwe wazi, kwa kuwa tumezoea hadithi ambazo lazima mtu afukiwe ndipo aliyeonya aaminiwe. Ukuta ulisimama wima na Zipporah alikuwa na haki vile vile.

Wakati huo kilio kilikwisha fanya kazi yake sokoni. Msiba haupigiwi simu Malindi, hujiendea wenyewe. Muuza mahamri alikuja na sahani ya mchango. Kanta mwenyewe, mwenye kiwanja, mjane aliyezaliwa mtaa ule ule na kuuza misumari na rangi kwenye duka la marehemu mumewe, alifika akihema, mtandio mweupe umevutwa kichwani. Alikuwa ameambiwa kibarua amefia kwenye shimo lake. Alimpita Tsuma, aliyejaa tope hadi magotini, akaenda moja kwa moja kwa Zipporah, akamshika mabega na kumpa pole.

"Shikamoo, mama," Zipporah akamjibu, akipangusa macho. "Ahsante. Marehemu ndiye huyo uliyemkanyaga mguu ulipopita."

Kanta akamtazama Tsuma. Tsuma akamwamkia. Mama yule alihitaji kukalishwa kwenye mfuko wa saruji akaletewa maji, na alipozinduka alikasirika kweli kweli, akawauliza kama wao ni watoto, na kama wanajua moyo wake unaishi kwa dawa. Kisha hasira ikampungua, akauliza swali ambalo Zipporah alikuwa akilingoja tangu Matsangoni.

"Na lau ingekuwa kweli? Ningemwambia nini binti yake?"

Ndirangu alianza kusema kwamba ngazi iko, ila ni moja. Kanta akauliza kwa nini ni moja. Ndirangu akasema mbao ni za zege. Kanta akamwambia nyuma ya duka lake kuna boriti zimelala tangu mumewe yuko hai, atume watu. Wapo waliomsifu siku ile, wakamwita mama wa watu. Na wamsifu kidogo, si sana: boriti zile zilikuwa zake na shimo lile lilikuwa lake tangu siku ya kwanza lilipochimbwa, na kutoka dukani hadi shimoni ni mwendo wa kumaliza andazi.

Lakini faini haikuwa ya Kanta, ilikuwa ya Kazungu, na Zipporah hakumwachia. Mtani aliyekosa neno mbele ya maiti ameshindwa, hata waashi wake walikubali. Kazungu akasema haya, atamleta jogoo. Zipporah akamwambia jogoo wake amle mwenyewe. Faini yake ni kuipigilia ngazi kwa mkono wake mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla ya tofali jingine kuwekwa. Na zege lingoje.

Likangoja. Ndirangu alikwenda pembeni na simu yake, akarudi, na hakuna aliyemwuliza bosi amesema nini.

Kazungu aliipiga ngazi ile kama anamtengenezea bibi arusi kitanda. Kila mbao aliikanyaga mwenyewe kabla ya kupigilia inayofuata. Zipporah alisimama karibu akitaka hiki na kile, na Kazungu akawa anaitika "ndiyo, mjane," "sawa, mjane," na kicheko kikarudi mjengoni, safari hii na yeye akiwemo. Alitaka ipite ukingo kwa mkono mzima, ili anayetoka awe na kitu cha kushika mpaka miguu yote miwili ifike juu, asilazimike kukumbatia tope. Alitaka kigingi kipigwe nyuma na ngazi ifungwe juu kwa kamba, fundo juu ya fundo. Wengine, Tsuma akiwa wa kwanza, walishika masepetu wakalisogeza lundo la udongo hadi kwenye ua, na hapakuhitajika lori. Mbao chakavu za zege zikaegemezwa na kukazwa kwenye ukuta ule wa vidato. Shimo lilipumua. Hata ukilitazama tu, uliona linapumua.

Alasiri Tsuma alishuka tena, kwa kuwa maji yalikuwa yametekwa. Zipporah akaurudia ukingo na kamba yake. Kazi ikaenda mpaka jua likalegea, na ukafika wakati wa kutoka, na hapo akagundua kwamba jambo lenyewe lilikuwa bado halijakwisha. Tsuma alikuwa amesimama chini, sururu mkononi, akiutazama upande wa ukuta ambao haukuwa na mbao, kama mtu anayetazama nyumba ya mchumba wa zamani. Mkono wake wa sururu ulikuwa unapima pa kutoboa.

Waashi walikuwa wakinawa. Walimwona. Kila mtu alijua anataka nini: mtu aliyeliliwa mbele ya mjengo mzima alitaka angalau atoke kama mtoto wa baba yake.

Zipporah aliteremsha kamba tupu, akaitikisa mbele ya uso wa mumewe ili afunge sururu. Akangoja.

Kazungu akaja, akachuchumaa kando ya Zipporah, mbali na ukingo kama alivyofundishwa.

"Panda kwa ngazi, mtani," akasema. "Nikikuzika mara ya pili nitakosa maneno kabisa, na mimi nina jina la kulinda."

Tsuma akacheka bila kutaka. Akalifunga sururu kwenye kamba, Zipporah akalivuta. Kisha akaja mikono mitupu, uso umeielekea ngazi, mguu baada ya mguu, akazishika zile ncha za boriti zilizotokeza juu, akavuka ukingo kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Akasimama. Akajipangusa. Ilikuwa lazima aseme kitu, akasema kwamba mbao ya tatu kutoka chini inacheza, fundi aliyeipiga hajui kazi.

Kazungu alishuka mwenyewe kuikaza, akilalamika kila mahali alipokanyaga.

Tangu siku ile ilipata jina, ngazi ya marehemu. Muuza vitambaa alipotuma mtu kuiomba mara moja tu, Kazungu ndiye aliyemrudisha. Alimwambia hii ni mali ya maiti, na mali ya maiti haiazimwi kabla ya arobaini, na huyu maiti wetu arobaini yake haijulikani, maana bado anakula. Mtu yule akaenda zake akiangalia nyuma. Fundi bomba alijitengenezea yake.

Zipporah alimpigia Kombe simu siku ya mapumziko, akamhadithia yote, kilio na Kanta na faini. Kombe alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia hakuuliza habari ya Kazungu wala ya msimamizi. Aliuliza ngazi inapita ukingo kwa kiasi gani.

"Mkono mzima."

"Na imefungwa?"

"Nimeifunga mimi."

Magari yalisikika yakipita nyuma ya Kombe, kisha akasema vyema, mwenehu, ndugu yangu, vyema sana, msalimie marehemu.

Alimsalimia kesho yake, kwa kuchungulia kutoka juu. Tsuma alikuwa katikati ya shimo, anaimba wimbo aliokataa kumwimbia Kazungu, sauti yake mbaya inagonga kuta na kurudi. Ngazi ilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka mkono wake, ncha zake zimetokeza juu ya ukingo na leso ya Zipporah imening'inizwa kwenye moja. Akaikaza kamba ya kigingi, ingawa ilikuwa imekaza, akalivuta karai.